Mdomo Unaoanza Kucheka Upande Mmoja

Kemunto mwanangu,

Najua bado umeninunia. Tangu Jumatano chakula changu unamtuma mdogo wako aniletee, kana kwamba mimi nina ugonjwa wa kuambukiza, na leo asubuhi ulinisalimia huku ukiangalia ukuta. Haya. Una haki yako. Lakini kesho unakwenda chuo cha ualimu, na sitaki uondoke hapa Keroka na kinyongo hicho.

Ningekuita tukae tuongee, ila unanijua: nikianza kuongea Ekegusii nyumbani natania tu, na nikitania wewe unazidi kufura. Kwenye karatasi mkono wangu umezoea Kiswahili, lugha ya kazi, nacho hunituliza. Kwa hiyo nimefunga studio mapema, nimekalia kile kiti cha wateja, naandika. Habari za blanketi, sabuni, na watu wa kuogopa njiani, mama yako amekwisha kukwambia. Amezirudia mpaka hata mimi nimezikariri.

Mimi nina neno moja tu, nalo ni uso wako.

Jumatano ulikuja hapa na ile picha niliyokupiga. Ulitaka kumpelekea yule kijana wa Mombasa mnayeandikiana barua, ambaye hamjaonana hata siku moja. Ukaniambia kwa sauti ya chini, wateja wasisikie: "Tata, ninyooshee mdomo. Na hili jicho dogo lifanye lilingane na mwenzake. Si huwafanyia wengine?" Nami, badala ya kukujibu kwa sauti ya chini vilevile, nikapayuka mbele ya watu: "Mimi sinyooshi uso wa mtoto wangu! Kama huyo kijana hautaki, akaoe sanamu!" Watu wakaangua kicheko. Nawe ukachukua kikapu chako ukatoka. Kile kicheko ndicho kinachoniuma mpaka sasa. Nilijiona baba shujaa, kumbe nimekuaibisha sokoni.

Ngoja nikueleze kilichonifanya niropoke. Ni kisa ambacho mama yako hakupenda mkijue mkiwa wadogo, na jana nilimwomba ruhusa nikwambie, akakubali.

Kazi hii nilifundishwa na Mhindi mmoja mjini Kisii, kabla ya Uhuru kidogo. Mimi nilikuwa kijana wa kufagia chumba cha giza, kile cha kuoshea picha. Alikuwa mtu mkali mwenye mikono laini, na alinionyesha kitu kimoja ambacho wapiga picha wengine hapa kwetu hawakuwa nacho: namna ya kuchora juu ya negativu, ile filamu inayozaa picha. Unaiweka juu ya kioo karibu na dirisha, unachonga penseli mpaka incha iwe kama sindano. Penseli inaongeza mwanga, wembe unaongeza giza. Kwa vitu hivyo viwili unaweza kumwondolea mzee makunyanzi, ukampa msichana shavu ambalo Mungu hakumpa. "Uso iko mbili," aliniambia. "Hii upande nacheka, hii upande nafikiri. Mteja nataka zote sawasawa. Wewe fanya sawasawa, yeye nafurahi."

Na kweli walifurahi. Sitakudanganya, Kemunto, wewe si mtoto mdogo. Watu wanapenda uso uliolingana. Dirisha langu limenifundisha. Nikiweka picha ya msichana ambaye pande zake mbili zinafanana kama kata mbili za kibuyu kimoja, wapita njia wanasimama, wanaulizana ni binti ya nani. Nikiweka wa kawaida, wanapita wakienda kununua chumvi. Kwa nini iwe hivyo mimi sijui. Pengine jicho la mtu ni vivu, linapenda kitu likishaona nusu yake liwe limekwisha kukiona chote. Wewe hukuota bure kwamba wenzako wanatazamwa kabla yako. Niliposikia shangazi zako wakikwambia "wote ni wazuri mbele za Mungu", nilikuona ukibetua midomo, nami nikacheka moyoni kwa sababu uliwashinda kwa akili.

Lakini kuna jambo lingine ambalo dirisha halisemi. Mzee mmoja wa kanisa kutoka Nyanchwa alikuja kupigwa picha. Alikuwa na kovu juu ya nyusi. Nilipompa picha yake alifoka: "Wewe kijana, umenihamishia kovu! Langu liko huku, wewe umelipeleka kule. Na mdomo huu umeupinda kwa nini? Huyu si mimi!" Mke wake akaichukua, akaitazama, akasema, "Ala! Ndiye huyu huyu ninayempakulia ugali kila siku. Tena umempata vizuri." Wakabishana pale mpaka Mhindi akatoka ndani na kioo cha ukutani, akamsimamisha mzee mbele yake. Ndipo nilipoelewa. Maskini mzee, maisha yake yote alikuwa akijiona kwenye kioo, na kioo kinageuza. Upande wa kushoto kinakuonyesha kushoto, ilhali mtu aliyesimama mbele yako anauona kulia. Uso aliokuwa ameuzoea haujawahi kuonwa na mtu mwingine yeyote.

Hata wewe. Ukisimama mbele ya kile kioo chako kidogo ukahuzunika, uso unaouhuzunikia ni wako peke yako. Sisi hatuujui. Tunaujua mwingine.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Nilipofungua studio yangu hapa, chumba kimoja chenye dirisha kubwa, nilikuwa kijana mwenye kiburi. Penseli yangu ilikuwa na jina. Siku moja akaja mama mmoja na binti yake. Kulikuwa na kijana wa Magwagwa aliyekuwa na kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kwao wamemtafutia mchumba. Kwa desturi yetu angetumwa mshenga, yule tunayemwita esigani, mtu mzima wa kuaminika, aende nyumbani kwa msichana, ale, akae, aangalie ukoo, aangalie mikono yake ikifanya kazi, amwangalie na uso, halafu arudi aseme ukweli. Lakini huyu kijana alikuwa amesoma kidogo, alijiona wa kisasa. Aliandika: esigani wa nini siku hizi? Nitumieni picha.

Binti mwenyewe alikaa kwenye kiti hiki hiki ninachokalia. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Na mdomo, alipotaka kucheka, ulianza upande mmoja, ule mwingine ukafuata baadaye, kama mtu anayechungulia kwanza kabla ya kuingia. Alicheka kwa sababu nilijikwaa kwenye miguu ya kamera yangu mwenyewe. Nikapiga mara mbili.

Hakuna aliyeniomba nibadilishe chochote. Mama yake alisema tu, "Tuoshee moja nzuri." Jioni ile nikaiweka negativu kwenye kioo, nikaanza. Nikafungua lile jicho dogo. Nikainua pembe moja ya mdomo, ile nyingine nikaishusha kwa wembe, nikasawazisha na taya. Haki ya Mungu, ilikuwa kazi safi! Nikajisifu peke yangu. Niliona nimemsaidia msichana wa watu. Nikawapa, wakaitazama, wakatazamana, wakashukuru. Mimi nilidhani wametazamana kwa furaha.

Picha ikaenda Kericho. Kijana akaipenda kupita kiasi. Nilisikia aliibandika juu ya kitanda chake, wenzake wakawa wanakuja kuitazama. Akaagiza mambo yaharakishwe. Alipopata likizo akaja na wajomba zake nyumbani kwa msichana. Wakapikiwa. Binti akaletwa kuwasalimia, akawanawisha mikono mmoja mmoja. Kijana akanawa, akamshukuru vizuri, halafu akaendelea kutazama mlangoni.

Mjomba wake akasema, "Sasa tumwone bibi arusi."

Wakaambiwa, "Si ndiye huyu aliyewanawisha?"

Kijana akatoa picha mfukoni, akaitazama, akamtazama yule binti, akasema, "Huyu ni mdogo wake. Mimi nimemjia wa kwenye picha."

Na hapo, mwanangu, ndipo ujinga wangu ulipokomaa. Kwa sababu hawakusema picha imedanganya. Nani hapa kwetu wakati ule angesema picha inadanganya? Mshenga anaweza kudanganya, ana mdomo na ana njaa. Picha haina mdomo. Wakaona wenyeji ndio wanaodanganya, kwamba wamemficha binti mzuri ili wampe tajiri, halafu wanawabandikia huyu. Maneno yakapanda. Mjomba mmoja akainuka akaingia jikoni kumtafuta. Mwingine akaenda kuchungulia nyuma ya ghala la wimbi. Wakamtafuta mtu ambaye hayupo duniani, na yule aliyekuwepo amesimama katikati ya nyumba na birika la maji mkononi, hakuna anayemwangalia.

Mwishowe wakaja kunichukua mimi, niwe shahidi. Nilipofika uwanjani nilikuta watu wamejaa, majirani wako juu ya ua. Wakaniuliza: "Wewe ulimpiga nani?" Nikanyoosha kidole, nikasema, "Yeye." Wakauliza: "Mbona hafanani?" Nikaanza kueleza penseli, wembe, mwanga. Hawakunielewa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mchawi. Yule binti ndiye aliyenimaliza. Hakulia. Alinitazama kwa lile jicho dogo na lile kubwa, akasema mbele ya wote: "Mwacheni. Huyu ndiye mtu aliyenitengenezea dada."

Kijana wa Magwagwa akarudi Kericho. Wazee wakalazimika kumtuma mtu wa kuitakasa nyumba ile kwa maneno mabaya yaliyosemwa mle, na jina la binti likabaki midomoni mwa watu: yule aliyekataliwa kwa ajili ya picha yake mwenyewe. Binti huyo aliitwa Nyaboke. Ndiye mama yako.

Umekuwa ukiuliza kwa nini katika nyumba ya mpiga picha hakuna hata picha moja ya mama. Sasa unajua.

Nilianza kwenda kwao Jumapili kuomba msamaha. Baba yake aliniacha nisimame nje mvua ikininyeshea, kwa makusudi, nami nilisimama. Mwanzoni nilikuwa nikienda kwa sababu ya aibu. Baadaye sijui nilikuwa nikienda kwa sababu ya nini, mpaka siku nilipofanya jambo la kitoto. Negativu yake nyingine nilikuwa nayo bado, ile ambayo sikuichora. Nikafikiri: kazi yangu ya kwanza ilikuwa mbovu kwa vile nilibahatisha. Ngoja nifanye usawa wa kweli. Nikaosha picha mbili, moja nikaigeuza, nikazikata katikati ya pua, nikaunganisha nusu ya kulia na kulia yake, kushoto na kushoto yake. Nikapata wanawake wawili, kila mmoja amelingana pande zote kabisa kabisa.

Nikakaa nikawatazama, nikangoja moyo wangu useme kitu. Ukanyamaza. Mmoja alionekana kama mtu anayesikiliza mahubiri. Wa pili kama mtu aliyekatazwa kucheka. Wote wawili wazuri, naapa, ungewaweka dirishani watu wangesimama. Lakini hakuna hata mmoja niliyekuwa nikinyeshewa mvua kwa ajili yake. Kile nilichokuwa nikikifuata kilikuwa pale zile nusu mbili zilipokuwa hazikubaliani: ule mdomo unaoanza upande mmoja, ukakujulisha kwamba kuna neno la mzaha linakuja, jiandae. Nikizinyoosha, mzaha unakufa. Nikazitia zile picha motoni, na Jumapili iliyofuata nikaenda nikamwambia Nyaboke nataka kumwoa. Akasema, "Mimi au dada yangu?" Lo! Nilistahili.

Watu wakasema kipenda roho hula nyama mbichi. Wengine wakasema ninalipa deni la dhambi. Wacha waseme. Sharti la mama yako lilikuwa moja, kwamba kamera yangu isimwelekee tena, nami nimelishika mpaka leo.

Ulipozaliwa, shangazi zako walikuja kukutazama, wakatafuta upande wangu wasiuone. Halafu ukapiga mwayo na mdomo wako ukaenda upande. Nilifurahi nikatoka nje nikapiga kelele kama mwendawazimu. Niliporudi ndani nikamkuta mama yako analia, amekugeuzia ukutani. Nikamuuliza, "Kulikoni? Mtoto si amefanana nawe?" Akanijibu neno nililolisikia siku ile lakini nimelielewa juzi: "Wewe umefurahi kwa sababu si wewe utakayetembea nao."

Juzi, maana Jumatano hiyo hiyo nilirudi nyumbani nikijitapa. Nikamsimulia mama yako jinsi nilivyokukatalia, jinsi nilivyouheshimu uso wako mbele ya watu. Nilitegemea atanipa kongole. Alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi hukuniuliza, ukaninyoosha. Huyu amekuomba, ukamkatalia. Mara zote mbili aliyeamua ni wewe." Akaendelea kumenya ndizi zake.

Kemunto, miaka yote hii nilidhani kosa langu lilikuwa penseli. Nilijiapiza nisiitie kwenye uso wa damu yangu, nikaona nimetubu. Kumbe kosa halikuwa penseli hata kidogo. Lilikuwa ni kuona uso wa mtu ni shamba langu, nilime ninapotaka, niache pori ninapopenda. Mdomo wako naupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kwenye kioo cha kamera, lakini mapenzi yangu hayakunipa hatimiliki. Wewe ndiye uliyetembea nao kwenda shule wakikuita majina. Wewe ndiye utakayesimama nao mbele ya darasa. Mimi nautazama tu, halafu nakwenda kunywa chai.

Kwa hiyo jana niliiweka negativu yako kwenye kioo nikafanya ulichoomba. Jicho lilinichukua muda kidogo tu. Mdomo ulinishinda mara mbili. Nikatoka nje nikazunguka soko, nikarudi. Sasa imekwisha. Imo ndani ya bahasha hii, na ni kazi safi, safi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mkono wangu umekomaa. Hakuna mtu Mombasa atakayeona penseli ilipopita. Ukiituma, sitasema neno, wala sitauliza majibu yalikuwaje. Nimekusimulia kisa cha mama yako ili ukijue, si ili kikufunge mikono. Huenda huyo kijana wako ana akili kuliko yule wa Kericho. Na kama atakuja siku moja akawa anatazama mlangoni baada ya wewe kumsalimia, utakuwa umemjua mapema, na nyumbani kwetu njia unaijua.

Samahani kwa kile kicheko cha Jumatano. Nimewaambia walewale waliocheka kwamba mpumbavu alikuwa mimi, nao wakacheka tena, safari hii kwa haki.

Limebaki ombi. Kabla sijaichora negativu yako, niliosha nakala nyingine ambayo sikuigusa. Macho hayalingani, mdomo umeanza kucheka kabla hujaamua kucheka. Mwanzoni niliitia mfukoni tu, kama baba, bila kuuliza mtu. Halafu nikaitoa nikaiweka mezani, na hapo ndipo ilipo sasa hivi. Kesho, kabla gari halijaondoka, nitakushika mkono wa kukuaga, nawe utaniambia kama naweza kubaki nayo. Si ya dirishani. Ni ya kwangu mwenyewe, ya siku ambazo nyumba itakuwa kimya. Ukisema hapana, utaondoka nayo, na sitanung'unika.

Lakini naomba.

Ni mimi,
Tata